Kibali cha ujenzi: kaunti huamuaje?

Ploti ni yako, hati unayo, fundi yuko tayari. Bado huwezi kuanza kuchimba msingi. Nchini Kenya, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye ardhi aombe kwanza kibali cha uendelezaji kutoka kwa serikali ya kaunti. Hata kugeuza nyumba ya kuishi kuwa hoteli huhitaji kibali. Ukianza bila hicho, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili.

Ombi huandamana na michoro. Maafisa wa mipango huangalia eneo limetengewa nini, ghorofa ngapi zinaruhusiwa, magari yataegeshwa wapi. Idara nyingine, kama za maji na barabara, nazo hutoa maoni. Fikiria Kilimani, Nairobi: palipokuwa na nyumba moja na bustani yake pakisimama fleti za familia 80, maji taka yatapita bomba lipi? Mimi naona swali hilo lina uzito kuliko urembo wote wa mchoro.

Jirani naye ana nafasi. Kwa miradi mikubwa na mabadiliko ya matumizi, mwombaji hubandika tangazo mahali panapoonekana kwenye kiwanja, kuwaalika wenye pingamizi. Mara nyingi ni karatasi iliyofungwa kwa waya kwenye mabati, herufi ndogo, Kiingereza cha kisheria, na mvua mbili zikinyesha haisomeki tena. Tafadhali simama uisome, au mwombe kijana akusomee. Ukiandika pingamizi, taja maji, msongamano, mwanga utakaozibwa. “Hatuwataki hapa” haimsaidii afisa kuamua.

Kaunti inaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria huchukulia kwamba amekubaliwa. Kipengele hicho kinamkinga na urasimu, lakini kinanitia hofu: faili ikilala mezani, mtaa ndio unaobeba mzigo.

Asiyeridhika, awe mwombaji au jirani anayeguswa na uamuzi, ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati maalumu ya kaunti inayosikiza migogoro ya mipango. Akishindwa huko, mlango unaofuata ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.