Turniketi ni ipi, na ule mpira wa kemisti ni wa nini?

Turniketi ni mkanda mpana unaozungushwa kwenye mkono au mguu uliojeruhiwa, kisha ukakazwa kwa kijiti mpaka damu isipite kabisa kuelekea kwenye jeraha. Maana ni hiyo, haina makuu. Ningeiacha hapo kama si ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu ya Eastlands, ukihimiza kila nyumba, kila gereji na kila mwenye bodaboda awe na turniketi, eti "ziko kemisti yoyote, bei ya chai na mandazi." Nia ni njema kabisa. Shida ni kwamba kinachouzwa kemisti kwa bei ya chai na mandazi ni kitu kingine.

Ingia kemisti uulize, "Dada, mko na turniketi?" Atakujibu, "Ziko, kaka. Unataka rangi gani?" Hapo ndipo ungepaswa kushtuka. Anakutolea ukanda wa lastiki wa bluu au mwekundu, upana wa vidole viwili hivi, una kibanio cha plastiki kinachofungika kwa mlio mdogo na kufunguka kwa kubonyezwa kidole kimoja. Huo unaujua. Ndio ule unaofungwa juu ya kiwiko chako maabara kabla ya kuambiwa ukunje ngumi. Dada wa kemisti hajakudanganya, kwa sababu kazini kwao nao huitwa turniketi. Vitu viwili, jina moja, na kazi zake zinapingana.

Damu hutoka kwenye moyo kupitia ateri, ambazo zina kuta nene, nyingi zimejificha ndani ya nyama, na hubeba damu kwa msukumo mkubwa. Hurudi kupitia vena, ambazo ni laini, msukumo wake ni mdogo, na nyingine unaziona kwa macho mgongoni mwa kiganja. Mpira wa maabara umetengenezwa ubane vena tu na kuiachia ateri ipite. Damu inaingia mkononi, haipati njia ya kurudi, vena zinavimba, sindano inapata pa kuingia. Ungebana mpaka ateri nazo zifunge, muhudumu wa maabara angekuwa na kazi ngumu ya kutafuta damu ambayo haiji.

Sasa uchukue mpira huohuo uufunge juu ya paja la fundi aliyekatwa na grainda. Ateri inaendelea kuleta damu. Vena zimezibwa. Damu iliyokwama mguuni inatokea mahali pamoja palipo wazi, yaani kwenye jeraha. Ni kama kuziba tundu la sinki huku mfereji umeachwa wazi. Anaweza kuvuja damu kuliko kabla hujamsaidia, na wewe umesimama pale unajiambia turniketi tayari iko.

Kosa hili si la mpira wa maabara peke yake. Leso iliyofungwa kwa nguvu za mikono bila kijiti cha kukazia, mshipi wa suruali, kamba ya kiatu: mara nyingi vyote hubana vena na kuishia hapo. Waya au kamba nyembamba ni mbaya zaidi kwa sababu huumiza ngozi na nyama iliyo chini yake kabla hujaifikia ateri. Ndiyo maana turniketi halisi huwa na upana wa sentimita 4 hivi na kijiti cha kuzungushia. Hata jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kifaransa la kuzungusha, na Mfaransa Jean-Louis Petit, daktari wa upasuaji, ndiye aliyeweka parafujo badala ya kijiti mnamo 1718 ili mkazo uongezwe na kupunguzwa kidogo kidogo. Ule mpira wa kemisti hauna chochote cha kuzungusha.

Na kama tumefika hapa, tusimalize bila kusema turniketi halisi hutumikaje. Inawekwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa moyoni, na haiwekwi kwenye goti wala kiwiko. Kama nguo zimelowa damu na huoni jeraha liko wapi, iweke juu kabisa, karibu na kinena au kwapa. Vuta mkanda wote kwanza ushike barabara, ndipo uzungushe kijiti mpaka damu isimame. Ufunge kijiti kisirudi nyuma, uandike saa uliyoiweka, hata kama ni kwa kalamu kwenye paji la uso wa mgonjwa. Itamuuma sana. Atakuomba ulegeze, na watu watakaokuwa wamekuzunguka, maana hapa Nairobi hawakosekani, watamuunga mkono. Usilegeze. Kazi hiyo ni ya hospitali.

Wengi huogopa kwamba mguu utakatwa. Hofu hiyo imechelewesha mikono mingi. Kwa kawaida kiungo huvumilia muda wa saa 2 bila madhara ya kudumu, na madaktari wa upasuaji hutumia vifaa vya namna hii kila siku. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na ateri kubwa ya paja ikikatika anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla hata ambulensi haijatoka kwenye foleni ya Jogoo Road.

Lakini majeraha mengi ya damu tunayoyaona hayahitaji turniketi. Mwenye buchari aliyejikata kidole anahitaji kitambaa safi na mkono mzito: kandamiza palepale panapotoka damu, kwa uzito wa mwili, na usiinue kila mara kuchungulia, kwa sababu ukichungulia unabandua damu iliyokuwa imeanza kuganda. Jeraha la kwenye kinena au kwapa lenyewe halifungiki kwa mkanda wa kawaida. Hapo unasokomeza shashi, yaani kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ndani ya jeraha mpaka lijae, kisha unakandamiza kwa nguvu. Shingoni haifungwi kamwe. Kifuani na tumboni mkanda hauna kazi, kinachosaidia ni kufika hospitali haraka. Majani chai na kahawa si vya kumwagia jeraha, viacheni jikoni. Na aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba, hilo ni jambo jingine kabisa ingawa nalo huitwa turniketi.

Kuhusu kununua, nitasema waziwazi. Aina zilizopimwa na zinazoaminika ni kama CAT, SOF-T Wide na SAM XT, na CAT moja huko Marekani huuzwa dola 30 hivi. Mitandaoni kuna zinazofanana nazo kama pacha kwa shilingi mia chache. Nimewahi kushika moja ya hizo, kijiti chake kikapinda kwenye mkono wangu mwenyewe uliokuwa mzima. Kama bajeti haifiki, nunua rola kadhaa za shashi, bendeji pana za kuvutika, glavu, mkasi wa kukata nguo na kalamu ya wino mzito. Hivyo vyote kemisti wako ataviuza, navyo ukijua kukandamiza vitamsaidia mtu. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza hapa jijini, na nusu siku na mwalimu anayekusahihisha mkono ina faida kuliko kifaa ambacho hujawahi kukifungua.

Kwa hiyo wenzangu wa kundi la mtaa, waliokwisha kununua ile mipira ya bluu hawajapoteza pesa nyingi, na hakuna wa kuchekwa. Itoeni tu kwenye kile kisanduku cha huduma ya kwanza, nafasi yake muweke rola mbili za shashi. Na siku nyingine mkiulizia kemisti, semeni mnataka ya kuzuia damu, ile yenye kijiti. Akiuliza rangi, mwambieni asante na mwende zenu.