Kompyuta ya Kupigia Mbizi: Jinsi ya Kuipima, Kuitunza na Kudai Huduma Baada ya Kuinunua

Kompyuta ya kupigia mbizi, kifaa kidogo kinachomwonyesha mzamiaji kina alichofika na dakika anazoweza kukaa chini, ikizimika chini ya maji, mzamiaji anajua papo hapo kuwa ana tatizo na anaanza kupanda. Hatari zaidi ni ile inayoendelea kuwaka huku ikitoa namba za uongo, kwa sababu hakuna anayeishuku. Kosa la namna hiyo hugunduliwa kwa kulinganisha tu, na kumbukumbu za ulinganisho huo ndizo zitakazomfaa mwenye kifaa siku atakapokwenda kwa muuzaji kudai haki yake.

Kifaa hiki kwa kweli hakipimi kina. Kinapima shinikizo, kisha kinaligeuza kuwa mita. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban bar 1, kwa hiyo kwenye mita 30 shinikizo lote, pamoja na lile la hewa, ni kama bar 4. Programu hukadiria naitrojeni iliyoingia mwilini, gesi ya hewani inayoweza kumdhuru mzamiaji akipanda kabla haijatoka vya kutosha, kutokana na shinikizo hilo na muda. Kompyuta nyingi hutumia kielelezo cha Bühlmann, kinachougawa mwili katika makundi 16 ya tishu, kuanzia yanayojaa nusu kwa dakika chache hadi lile linalohitaji dakika 635. Hesabu yenyewe ni nadra kuharibika. Kinachochakaa ni kihisi, betri, pete za mpira zinazozuia maji na vitufe.

Hata hivyo programu nayo imewahi kukosea. Mwaka 2003, mamlaka ya usalama wa bidhaa nchini Marekani ilitangaza kurudishwa kwa kompyuta za toleo moja la miaka ya 1990. Zilihesabu kana kwamba mzamiaji aliyetumia naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, anaendelea kuivuta hata akiwa amepumzika juu ya maji. Matokeo yake, naitrojeni iliyosalia mwilini ilionekana ndogo kuliko ilivyokuwa, na mbizi iliyofuata ikapewa dakika nyingi kupita kiasi. Kasoro kama hiyo mtumiaji hawezi kuiona kwa macho. Ataipata kwa tangazo tu. Ndiyo maana ya kusajili namba ya kifaa kwa mtengenezaji siku ile ile kinaponunuliwa.

Kipi ni hitilafu, kipi si hitilafu

Kompyuta mbili za aina tofauti zikionyesha dakika tofauti kwenye kina kimoja, hiyo si hitilafu. Zina vielelezo tofauti au zimewekewa viwango tofauti vya tahadhari. Kompyuta iliyojifunga kwa saa 24 au 48 baada ya mzamiaji kuruka kituo cha lazima, yaani kusimama njiani akipanda ili naitrojeni itoke, inafanya kazi yake. Baadhi ya kompyuta hurudisha mpangilio wa naitroksi kwenye hewa ya kawaida, au kwenye thamani ya tahadhari, usiku ukipita. Mwenyewe asiposoma kitabu cha maelekezo hudhani imeharibika.

Tofauti ya maji ya chumvi na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, pia huzua malalamiko. Maji ya bahari ni mazito kwa karibu asilimia 3, hivyo kompyuta iliyowekwa kwa maji baridi na nyingine iliyowekwa kwa maji ya chumvi zitapishana karibu mita 1 kwenye mita 30. Hilo huathiri mita zinazosomeka tu. Hesabu ya naitrojeni hufuata shinikizo lenyewe, kwa hiyo haibadiliki.

Kihisi kibovu kina dalili zake. Kifaa kinasoma mita 1 au zaidi kikiwa mezani. Kinabaki kwenye hali ya mbizi hata baada ya kukaushwa. Kinaanza kuhesabu mbizi kwa kuchelewa. Kina kinaruka ghafla ilhali mzamiaji ametulia. Kompyuta nyingi zina ukurasa unaoonyesha shinikizo la hewa kwa milibari, na hapo ndipo mahali rahisi pa kuanzia. Usawa wa bahari wastani ni 1013, na hali ya hewa huisogeza kwa makumi machache juu au chini. Kifaa kinachosoma 930 ufukweni kimekosea, tena kinaweza kudhani kuwa kiko kwenye mwinuko wa takriban mita 700 na kubadili hesabu zake zote.

Kipimo cha majini kinataka kamba isiyonyumbuka, uzito chini, boya juu, na alama zilizopimwa kwa futi kamba kwenye mita 5, 10 na 20. Funga kompyuta mbili au tatu pamoja, zote zikiwa na mpangilio mmoja wa maji, zishushe maji yakiwa yametulia, kisha andika usomaji wa kila moja kwenye kila alama, wakati wa kushuka na wa kupanda. Kupishana kwa sentimita 20 au 30 ni kwa kawaida. Pengo linalokua kadiri ya kina, au linaloonekana wakati wa kupanda tu, ni la kupeleka kwa fundi. Kompyuta inayosoma kina pungufu inampa mzamiaji muda asiostahili. Ile inayosoma kina cha ziada huonekana salama zaidi, lakini ikimwambia yuko kwenye kituo cha mita 3 huenda kwa kweli yuko kwenye mita 2. Zote mbili hazifai.

Chanzo kikubwa cha matatizo ya kihisi ni chumvi. Chumvi ikikauka kwenye vitundu vya kihisi huganda na kuchelewesha shinikizo kufika ndani. Loweka kifaa kwenye maji safi ya uvuguvugu, bonyeza vitufe kikiwa ndani ya maji, kisha kiache kikauke kivulini. Usichokoe vitundu kwa sindano wala kuvipuliza kwa hewa ya mtungi. Utando wa kihisi ni mwembamba na hupasuka. Kisilale kwenye ndoo pia, kwani chenye swichi ya maji kitabaki macho usiku kucha na kumaliza betri.

Betri na pete ya mpira

Kompyuta inayoingia maji baada ya kubadilishwa betri karibu kila mara imeponzwa na pete. Kabla ya kufungua, subiri kompyuta imalize kuhesabu naitrojeni iliyobaki mwilini, kwa sababu baadhi ya aina hufuta hesabu hiyo betri ikitoka. Suuza na kausha kifaa chote. Toa pete ya zamani kwa ncha ya kadi ya plastiki. Chuma huchubua mfereji wake. Angalia unywele, mchanga na kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri. Weka pete mpya kila mara, hata kama ya zamani inaonekana nzima, na uipake grisi aliyoitaja mtengenezaji, kiasi cha kung'aa tu. Grisi ya silikoni kwenye pete ya silikoni huifanya ivimbe, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kuwa zinapatana.

Watu hudhani kuwa kompyuta huvujia kina kirefu. Mara nyingi huvuja karibu na uso wa maji, kwa kuwa chini zaidi shinikizo lenyewe hubana kifuniko. Kwa sababu hiyo, kuizamisha haraka na kuitoa si kipimo cha kutosha. Mwombe fundi aijaribu kwenye chemba ndogo ya shinikizo. Maji yakishaingia, toa betri mara moja, suuza kwa maji safi, na usijaribu kuiwasha. Ikiwa ni ya kuchajiwa, usiichomeke kwenye chaja kabisa, maana litiamu iliyolowa chumvi inaweza kushika moto.

Kiashirio cha betri kisiaminiwe kikisomwa juani. Betri ya litiamu iliyochakaa hupoteza volti kwenye maji yenye ubaridi, na kompyuta iliyoonyesha nusu ufukweni inaweza kuzimika kwenye mita 25. Ikizimika, panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, kaa mita 5 kwa dakika 3 hadi 5, au zaidi hewa ya mtungi ikiruhusu, na usizame tena kwa saa 24, isipokuwa ulikuwa na kompyuta ya pili iliyofanya mbizi zile zile pamoja nawe. Kuazima ya mwenzako hakusaidii. Ina hesabu ya mwili wake.

Huduma baada ya mauzo

Maswali ya kumuuliza muuzaji ni machache, na yaulizwe kabla ya kulipa. Kituo cha huduma kiko nchi gani? Kifaa kikiharibika hutengenezwa au hubadilishwa? Waranti inafuata kifaa popote, au eneo kilikouzwa tu? Vipuri vitaendelea kupatikana miaka mingapi baada ya toleo kusimama? Gharama ya usafirishaji ni ya nani? Bei nafuu kutoka kwa muuzaji asiye wakala mara nyingi huishia kwenye swali la tatu. Kwa kawaida waranti hugharamia kasoro za kiwandani, si maji yaliyoingia baada ya mtumiaji kubadilisha betri mwenyewe, wala mikwaruzo.

Malalamiko yanayosema “kompyuta haifanyi kazi” humrudishia mteja barua ya kuombwa maelezo, na wiki mbili zimekwenda. Andika namba ya kifaa, toleo la programu yake, tarehe ya ununuzi, mpangilio wa maji na naitroksi, na kilichotokea kwa mfuatano. Ambatisha risiti, picha za skrini, jedwali la ulinganisho wa kamba, na faili la kumbukumbu za mbizi. Faili hilo lipakuliwe kwanza, kwa sababu kituo kinaweza kufuta kila kitu au kukuletea kifaa kingine. Omba namba ya madai, na mawasiliano yafanyike kwa maandishi. Mwulize msafirishaji masharti ya betri za litiamu. Vifurushi visivyotajwa vilivyo huzuiliwa njiani.

Kifaa kikirudi, dai karatasi inayoeleza kilichofanyika na matokeo ya kipimo cha shinikizo. Weka upya saa, vipimo, asilimia ya oksijeni na kiwango cha tahadhari, kwani kila kimoja huenda kimerudi kwenye mpangilio wa kiwandani; fanya vivyo hivyo baada ya kusasisha programu, na usiisasishe usiku wa kuamkia mbizi. Kisha kirudishe kwenye kamba, na kwa mbizi chache za mwanzo kivae kama kompyuta ya pili.