Ukadiriaji wa shamba kwa matumizi yake katika kodi ya mirathi ya Marekani

Ukadiriaji wa thamani kwa matumizi ni utaratibu wa sheria ya kodi ya Marekani unaoruhusu shamba la familia, mwenyewe anapofariki, likadiriwe kwa kile linachoweza kuingiza likilimwa, wala si kwa bei ambayo mjenzi wa nyumba angekuwa tayari kuitoa. Uliwekwa mwaka 1976, katika kifungu cha 2032A, kwa sababu kodi ya mirathi, ambayo serikali ya shirikisho ilianza kuitoza mwaka 1916, kwa kawaida huipima mali kwa bei ya soko, ilhali utajiri wa mkulima umelala ardhini na fedha taslimu alizonazo ni chache. Mji unapopanuka, ardhi hupanda bei bila mavuno kuongezeka, na warithi hulazimika kuuza sehemu ya shamba ili kulilipia lililobaki.

Tuseme ekari moja hukodishwa kwa dola 200 kwa mwaka (kukodisha huku kusichanganywe na kodi ya serikali, ingawa lugha yetu huyaita yote mawili kodi) na hutozwa kodi ya ardhi ya dola 20. Dola 180 zinazosalia, zikigawanywa kwa riba ya mikopo ya kilimo, tuseme asilimia 6, hutoa thamani ya dola 3,000, hata kama mjenzi angeinunua kwa 20,000. Sheria huchukua wastani wa miaka 5, na huweka kikomo cha jumla ya punguzo.

Sharti lenye uzito, na kwa maoni yangu ndilo linaloutofautisha utaratibu huu na zawadi kwa matajiri, ni kwamba mrithi akiacha kulima au akimuuzia mtu asiye wa familia ndani ya miaka 10, kodi iliyopunguzwa hudaiwa. Hata hivyo, wanaouhitaji ni wachache, kwa kuwa tangu mwaka 2026 mirathi isiyozidi dola milioni 15 haitozwi kodi hiyo kabisa.

Biashara ya familia isiyo na ardhi kubwa hunufaika zaidi na kifungu cha 6166, ambacho hakipunguzi kodi bali huwapa warithi muda: biashara ikizidi asilimia 35 ya mirathi, wanaweza kulipa riba pekee kwa miaka ya mwanzo, kisha kodi yenyewe kwa mafungu yasiyozidi 10 ya kila mwaka.