Paka mweusi wa milimani: dhana potofu zinazorudi kila picha mpya inaposambaa

Picha huwa ni ileile. Imepigwa kwa simu magharibi ikiingia, kwenye nyasi za Makete au pembezoni mwa msitu juu ya Tukuyu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na ndani yake kuna mnyama mweusi mwenye miguu mirefu, nusu mwili umefichwa na nyasi. Kufikia asubuhi imeshazunguka Mbeya, Njombe na Iringa kupitia makundi ya WhatsApp, na maelezo yake yametiwa chumvi: paka asiyejulikana duniani, spishi mpya, wataalamu wanaficha. Maswali yanayofuata hayabadiliki. Nayajibu hapa, nikianza na lile linalonikera kuliko yote.

Dhana: "Rangi hii haimo vitabuni, basi ni spishi mpya."

Hapana. Katika jamii ya paka, rangi ndiyo alama dhaifu kuliko zote. Jeni moja ikibadilika inatosha kugeuza manyoya ya mwili mzima, huku fuvu, meno, mifupa na mlio vikibaki vilevile. Chui mweusi ni chui. Weusi wake hurithiwa kwa jeni fiche, yaani baba na mama wote wenye madoa ya kawaida wanaweza kuzaa mtoto mweusi iwapo kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni hiyo. Ndugu zake wa uzao uleule wanaweza kuwa na madoa kama kawaida. Sasa huyo mtoto awe spishi tofauti na mama anayemnyonyesha?

Kosa hili wamelifanya hata wakubwa wa fani. Mwaka 1926 huko Zimbabwe ya leo alionekana duma mwenye mabaka makubwa yaliyoungana na michirizi mgongoni. Mwaka uliofuata mtaalamu wa makumbusho ya London, Reginald Pocock, akamtangaza kuwa spishi mpya, akampa jina Acinonyx rex. Hoja ilikosa ushahidi, na Pocock mwenyewe akaifuta mwaka 1939. Mwaka 1981, katika kituo cha De Wildt Afrika Kusini, duma jike mwenye madoa ya kawaida akazaa mtoto wa sura hiyo, na mwaka 2012 jeni inayohusika ikatambuliwa. Duma ni yuleyule.

Mondo, paka wa nyikani mwenye miguu mirefu na madoa, naye yalimkuta hayohayo. Mwaka 1839 mondo wa Afrika Magharibi mwenye vidoa vidogovidogo sana alipewa jina la spishi yake peke yake, Felis servalina. Baadaye ikabainika ni mondo wa kawaida mwenye manyoya ya aina nyingine.

Mondo ndiye wa kumfikiria kwanza unapoiona picha ya huku kwetu. Anapenda nyasi ndefu, mabonde yenye unyevu na kingo za msitu, na chakula chake kikuu ni panya. Nyanda zetu zimejaa vyote hivyo, tena mashamba ya viazi na ngano yanamwongezea panya. Mondo weusi wanajulikana siku nyingi katika milima ya Kenya, hasa Aberdare, na wameshapigwa picha Tanzania pia. Mtu aliyezoea kusikia kwamba mondo ni wa manjano mwenye madoa hawezi kumtambua akiwa mweusi tii, na hapo hana kosa. Kosa ni kuruka kutoka "simtambui" hadi "hajulikani".

Kabla hujasambaza picha, ikague hivi.

Anza na mkia. Mkia wa mondo ni mfupi, unaishia karibu na kifundo cha mguu wa nyuma. Wa chui ni mrefu na mzito, unakaribia kugusa ardhi, na ncha yake mara nyingi imejikunja juu. Ukiuona mkia vizuri umeshamaliza nusu ya kazi.

Kisha masikio. Ya mondo ni makubwa, yamesimama na yamekaribiana utosini. Kwa kawaida nyuma ya kila sikio kuna baka jeupe katikati ya weusi. Kwa mondo mweusi baka hilo hufifia au hupotea, lakini ukubwa wa sikio haupotei. Chui ana masikio mafupi ya duara yaliyoachana. Masikio yenye vishungi virefu ni ya simbamangu, paka mwingine wa nyikani.

Halafu kimo, na hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu mnyama aliye kwenye nyasi hana kitu cha kumlinganisha naye. Rudi palepale mchana ukiwa na mwenzako. Simamisha fimbo ya mita moja yenye alama kila sentimita 10 mahali mnyama alipokuwa, nawe upige picha kutoka uliposimama mwanzo, kwa simu ileile, bila kubadili kiwango cha kuvuta picha. Weka picha mbili sambamba. Mondo ana kimo cha sentimita 54 hadi 62 begani na uzito wa kilo 7 hadi 18. Paka pori na paka shume ni wafupi zaidi ya hapo, kwa kawaida kilo 3 hadi 6.

Mwisho, mwanga. Fungua picha halisi, si ile iliyopita kwenye makundi matano, kwa maana WhatsApp huibana na kufuta taarifa za saa na mahali. Ukimtumia mtaalamu, itume kama dokumenti. Ongeza mwanga taratibu: madoa ya mnyama mweusi hayajafutika, yamefunikwa tu, na jua la pembeni huyaonyesha kama maua ya kitambaa cha rangi moja ukikigeuza dirishani. Kamera tego, yaani zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, zinazotumia infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) usiku huyaonyesha vizuri zaidi, na ndivyo chui weusi wengi wanavyotambuliwa mmojammoja. Lakini picha hizohizo za infraredi hazina rangi kabisa. Usijenge hoja ya "paka wa kijivu" kwa picha ya usiku ambayo hata mbuzi mwekundu angetoka kijivu.

Dhana: "Kama kipunji alijificha Rungwe hadi juzi, paka naye anaweza."

Hoja hii ina uzito kidogo, ndiyo maana inastahili jibu kamili. Ni kweli kipunji, nyani wa miti wa milima yetu, hakujulikana kwa sayansi hadi miaka ya 2000. Lakini tazama alivyothibitishwa. Watafiti walisikia habari zake kwa wawindaji wa Rungwe, wakamfuata, wakamwona mara kwa mara, wakamrekodi mlio. Kundi jingine la watafiti likamkuta, bila kutegemea hao wa kwanza, katika msitu wa Ndundulu upande wa Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kwa picha. Hata hapo wengine walitaka mwili, na ulipopatikana kwenye mtego wa mkulima jirani na Rungwe, vinasaba na fuvu vikaonyesha mwaka 2006 kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la ngazi ya juu ya spishi, Rungwecebus. Ukianza kumtafuta kipunji kwa bidii, ushahidi unaongezeka. Paka wa ajabu ametafutwa na watu wengi, na ushahidi wake umebaki picha moja yenye ukungu.

Huohuo msitu wa Ndundulu una somo jingine. Mwaka 2005 kamera tego ziliwekwa humo, zikampiga picha sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye hakuwa anajulikana. Mwaka 2006 wakakamatwa wachache, na mwaka 2008 akatangazwa rasmi. Mnyama huyo ana uzito wa takriban gramu 700. Kamera iliyomnasa yeye ingemkosaje paka wa kilo 15 anayepita njia zilezile usiku kucha?

Na paka "wapya" wa karne hii wametokea wapi? Chui wa mawingu wa Borneo na Sumatra alitenganishwa mwaka 2006, na paka mdogo wa kusini mwa Brazil mwaka 2013. Wote walikuwa wanajulikana na ngozi zao zimo makumbusho. Vinasaba ndivyo vilivyoonyesha kwamba aliyehesabiwa mmoja ni wawili.

Dhana: "Maabara haikupata jibu, kwa hiyo ni mnyama asiyejulikana." Sampuli isiyotoa jibu kwa kawaida imeoza. Unyoya uliokatika hauna shina, na shina ndilo lenye vinasaba vya kutosha. Ukiufunga kwenye mfuko wa nailoni unaota ukungu. Manyoya huwekwa kwenye bahasha kavu ya karatasi. Kinyesi kibichi huwekwa kwenye spiriti kali ya asilimia 96 au chembe kavu za silika zinazonyonya unyevu. Tena vinasaba vya mitokondria, sehemu ndogo ndani ya seli, hutoka kwa mama peke yake, hivyo chotara wa paka pori na paka wa nyumbani atasomeka kama mama yake. Machotara hao wapo wengi kandokando ya vijiji.

Dhana: "Nyayo zilikuwa na kucha, paka wa aina yake." Paka hufichua kucha akiteleza kwenye tope. Nyayo zenye kucha mfululizo ni za mbwa, bweha au fungo. Kwa paka wa Afrika ni duma pekee.

Dhana: "Ana mwili mrefu, miguu mifupi na mkia wa pete." Huyo ni kanu. Si paka.

Dhana: "Wataalamu wanajua ila wanaficha." Mtafiti anayetangaza spishi mpya ya paka Afrika angejulikana dunia nzima. Hana sababu ya kuficha.

Dhana: "Tumtege, tukipata mwili ubishi utaisha." Hili linaniudhi na kunisikitisha. Kitanzi cha waya hakichagui: kitanasa mondo anayelinda viazi vyako dhidi ya panya, mbwa wa jirani, hata kipunji anaposhuka kwenye mahindi. Sumu ni mbaya zaidi, kwani inaua na kila anayekula mzoga. Vilevile, kuua mnyamapori au kukaa na ngozi yake bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kama kuku wanaliwa, wafungie usiku kwenye banda la waya lenye paa, na waya uzikwe sentimita 30 ardhini.

Ukimkuta mnyama wa namna hii amegongwa barabarani, usimguse kwa mikono mitupu, kwa kuwa wanyama walao nyama wanaweza kubeba kichaa cha mbwa. Weka rula au kalamu kando yake, piga picha ya ubavu mzima, mkia, nyuma ya masikio, meno na unyayo, andika mahali na saa, kisha toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo, kabla fisi na jua havijamaliza ushahidi.