Mitishamba kutoka kwenye mbegu, kwa sisi wa nyanda za baridi

Kila mwaka ikifika Agosti, simu yangu hujaa picha za trei tupu. Udongo mweusi, umemwagiliwa vizuri, hakuna kilichoota. Ujumbe unaofuata naujua kabla sijaufungua: "Shikamoo mama, zile mbegu naona hazikuwa nzima." Kuna wakati ni kweli. Mara nyingi mbegu ni nzima kabisa, ila zimefukiwa mno, au zimelala usiku kucha kwenye udongo wa baridi.

Mimi ni mtu wa kitalu, si mganga. Nazalisha miche ya mitishamba hapa Uyole, Mbeya, na wanunuzi wangu ni akina mama wenye bustani nyuma ya nyumba, wauza chai ya viungo, na siku hizi vijana wanaotaka kukausha maua na kuyafunga kwenye pakiti. Wengi wamesoma maelekezo mahali kabla ya kuja. Shida ya maelekezo hayo ni kwamba ama yameandikwa na mtu wa Dar es Salaam au Morogoro, ambako hata usiku kuna joto, ama yametafsiriwa kutoka Ulaya, ambako siku hurefuka sana baada ya kipupwe na trei hukaa ndani ya nyumba yenye mitambo ya joto. Sisi hatumo kokote humo. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda Makete, Njombe au Mufindi, Juni na Julai unaamka unakuta jalidi kwenye majani. Mchana jua linachoma, usiku wa kipupwe nyuzi joto zinashuka chini ya 10, na urefu wa siku, yaani saa za mwanga, haubadiliki sana Januari hadi Desemba. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kitakachoota kwako na kitakachokataa.

Nianze na kufukia, maana ndiko wengi wanakoharibikiwa. Mbegu za kamomile na artemisia ni kama unga. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu ndogo kiasi hicho haina akiba ya chakula ya kuuwezesha mche kutoboa hata nusu sentimita ya udongo, kwa hiyo maumbile yameifanya isubiri mwanga ndipo iamke. Ukiifunika inaendelea kusubiri. Changanya mbegu na kijiko cha mchanga mkavu laini ili uone unakotupa, nyunyiza juu ya udongo uliokwisha loa, kandamiza taratibu kwa kipande cha ubao, basi. Usifunike. Na usimwagilie kwa kopo kutoka juu, maana maji yatazikokota mbegu zote hadi kona moja. Weka trei yenye matundu ndani ya beseni la maji, subiri mpaka uso wa udongo ubadilike rangi, kisha itoe ichuruzike. Baada ya wiki moja hivi, inamisha kichwa usawa wa trei mwanga ukitokea upande wa pili: utaona vidoti vya kijani, kila kimoja na majani mawili madogo kuliko kichwa cha pini. Mtu anayetazama akiwa amesimama hatoviona, na atarudi kusema mbegu ni mbovu.

Kalendula ni kinyume chake. Mbegu yake ni kubwa, imejipinda, ina vimiba mgongoni, na yenyewe inataka giza. Ifukie sentimita moja, itatoka ndani ya wiki moja au mbili bila kukusumbua. Kwa anayeanza kabisa huwa nampa hiyo, apate moyo. Haba soda nayo hupenda giza na ubaridi kidogo, ila ina mzizi mkuu usiopenda kuguswa, hivyo isie palepale itakapokaa. Giligilani vivyo hivyo, na kile kitufe chake cha duara kina mbegu mbili ndani. Kisugue kwa kiganja kigawanyike kabla ya kusia.

Mrehani na kivumbasi vina tabia yao. Dondosha mbegu chache kwenye kifuniko cha chupa chenye maji, usiende mbali. Ndani ya dakika chache kila mbegu nyeusi inakuwa imevaa ute wa kijivu unaoelekea buluu. Ule ute ni ghala la maji. Ukikauka baada ya kuvimba, chipukizi lililokwisha amka ndani linakufa, na hakuna namna ya kulirudisha. Kwa hiyo hizi zifunike kwa mboji nyembamba sana, na usiache uso wa trei ukauke hata mchana mmoja.

Sasa baridi. Mitishamba mingi huota vizuri udongo ukiwa nyuzi 18 hadi 25. Kalendula na giligilani huvumilia 15. Mrehani kwenye udongo wa 12 huoza, haioti. Kipimajoto kidogo cha kuchomeka kwenye udongo kitakusaidia kuliko mbolea yoyote ya chupa. Pima alfajiri, si saa nane mchana, maana saa nane hata Makete panaonekana pana joto.

Mwenye umeme aweke trei juu ya friji, au jikoni kwenye rafu ya juu, na aitoe kwenye mwanga mara tu vidoti vya kijani vinapotokea. Asiye na umeme ana samadi. Tengeneza boksi la mbao au tofali, jaza samadi mbichi ya kuku au ya ng'ombe iliyochanganywa na majani makavu, lowesha, kanyaga mpaka ifike sentimita 40 au 50. Siku za mwanzo inachemka mno, iache. Joto likitulia kiasi cha kuvumilika kwa mkono, tandaza mchanga juu na panga trei zako. Jioni funika kwa nailoni angavu iliyoinuliwa kwa vijiti, asubuhi funua. Trei zikikaa hapo hazijui kama nje ni Julai. Na maji ya kumwagilia yaache kwanza kwenye ndoo juani. Maji ya tenki ya saa kumi na mbili asubuhi yanarudisha udongo ulikotoka.

Ila joto hilo likikutana na nailoni iliyofungwa na miche iliyosongamana, kinyausi kinaingia. Utakuta mche uliokuwa wima jana umelala, na shina limenywea usawa wa udongo. Kufikia jioni walioko jirani nao wamelala. Wanaosababisha ni vimelea vya udongoni, akina Pythium na Rhizoctonia, na mche ulioanguka hauna dawa. Kinachofanya kazi ni kinga: sia kwa nafasi, mwagilia asubuhi tu, funua nailoni kila siku, na tumia udongo safi.

Mchanganyiko wangu ni mboji iliyochekechwa, mchanga wa mtoni, na changarawe nyepesi za volkano, kwa vipimo sawa. Watu wa Mbeya na Rungwe tumebahatika, maana volkano za zamani zimetuachia tabaka za vijiwe vyepesi vinavyoelea majini. Ukipita barabara iliyokatwa mlimani utaviona. Vinashika unyevu na bado vinapitisha hewa. Wa Iringa atumie pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi, zisifike jivu; kwenye mashine za Pawaga pumba ni za kuokota. Mchanganyiko wote uutie kwenye sufuria kubwa au nusu pipa na maji kidogo chini, funika, upige mvuke nusu saa. Samadi usitie humo. Mche mchanga ukilishwa sana unakuwa laini, na vimelea hupenda laini.

Artemisia inahitaji aya zake, maana tangu mwaka 2020, dawa ya chupa ya korona iliyotengenezwa kwa mmea huo ilipoletwa nchini kutoka Madagaska, haipiti wiki bila mtu kuiulizia. Asili yake ni Uchina, na ni mmea unaopima urefu wa siku. Siku ikishuka chini ya saa 13 na nusu hivi, inaacha kukua na kutoa maua. Mbeya siku ndefu kuliko zote, ile ya Desemba, ina saa 12 na dakika 40 tu. Maana yake mbegu ya kawaida kutoka nchi za mbali kaskazini, ukiisia hapa, kwake kila siku ni ya kutoa maua. Itachanua ikiwa magotini. Na kwa kuwa artemisinini, ile kemikali inayotumika kwenye dawa za malaria, hujaa kwenye majani muda mfupi kabla ya maua, utavuna kiganja kimoja badala ya gunia. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama mbegu imechaguliwa kwa ajili ya nchi za joto, yaani ile inayochelewa kuchanua. Asipolielewa swali, ondoka. Ukipata mmea mzuri uliochelewa, kata vipandikizi kabla haujatoa maua, kwa sababu mbegu zake zinaweza zisifanane na mama yao.

Usiichanganye na artemisia yetu ya asili ya milimani, Artemisia afra, yenye majani ya kijivu na harufu kali. Hiyo ni ya kudumu, inaota kirahisi kwa kipandikizi, lakini si chanzo cha artemisinini.

Na hapa nasema kama ninavyowaambia wanaokuja kitaluni. Tu Youyou wa Uchina alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuichuja artemisinini kutoka kwenye mmea huu, na dawa mseto tunazopewa hospitali zimetokana na kazi hiyo. Chai ya majani ni kitu kingine. Kiasi cha dawa kwenye majani hakitabiriki, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kutibu wala kukinga malaria. Ukiwa na homa kapime. Mjamzito asiiguse kabisa.

Kuna mimea ambayo kuihangaikia kwa mbegu ni kujitesa. Rozimeri huota chache na polepole. Kata tawi la urefu wa kidole, chomeka mchangani. Mchaichai unagawa shina, mshubiri unang'oa maotea. Kuhusu mnanaa, kijana mmoja alinijia na pakiti ya mbegu za ule mkali unaotiwa kwenye pipi na dawa ya meno. Ule ni mseto tasa, mbegu hautoi. "Mama, mbona pakiti ina picha yake?" Picha haioti, mwanangu. Alizisia, ukatoka mnanaa, ndiyo, lakini wa aina nyingine kabisa. Mashona nguo nao wapo wanaouulizia mbegu. Huo acha dirisha wazi tu.

Lavenda na ekinasia ndizo zinazotaka baridi kwanza, na baridi yenye unyevu: changanya mbegu na mchanga uliolowa kidogo, funga kwenye mfuko, weka sehemu ya chini ya friji kwa wiki nne hivi, ndipo usie. Lavenda hata hivyo hutoka kwa kusuasua.

Mbegu za dukani, zile za viungo, zinaota vizuri zikiwa hazijakaa miaka kwenye gunia. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, uliyoizoea kwenye mahindi mara nyingi huko huikuti, kwa hiyo jipimie mwenyewe. Hesabu mbegu 20, zikunje kwenye kitambaa kibichi, weka mahali pa joto. Uwatu utaona majibu ndani ya siku chache, shamari na giligilani wiki mbili. Zikiota chini ya nusu, tafuta duka jingine.

Kuhusu majira, mazoea ya wengi ni kusia vyote mwishoni mwa Agosti na Septemba, ili miche iwe tayari mvua za Novemba zikishika. Kwa artemisia, mrehani na kivumbasi ni sahihi. Kwa kamomile napinga. Ukiipanda Novemba inachanua katikati ya mvua, na ua la kamomile lililolowa huwa jeusi kabla halijakauka. Isie mwishoni mwa Februari au Machi. Itakulia kwenye mvua za mwisho, itachanua Mei na Juni, hewa ikiwa kavu, na jalidi nyepesi haiiui. Utamwagilia wiki kadhaa, lakini maua utayakausha kivulini yakabaki meupe na manjano. Wakulima wa pareto wanaelewa haraka nikiwaeleza hili, kwani ni ukoo mmoja na ua lao nalo huuzwa kavu.

Mwarobaini na mlonge mnaniuliza kila siku, na jibu langu ni lilelile: Kyela, Mbarali, Pawaga, ndiyo. Uyole, hapana. Aliyeko huko chini na anataka mwarobaini, aokote matunda yaliyoiva, amenye nyama, akaushe mbegu kivulini na kuzisia ndani ya wiki mbili. Zikikaa miezi kabatini zinakufa.

Miche ikifikisha majani halisi manne hadi sita, izoeshe nje wiki moja, mwanzo kivulini, kisha jua la asubuhi, mwisho siku nzima. Hamisha jioni au siku ya mawingu, baada ya mvua kushika kweli. Ile ya kwanza ya kudanganya iache ipite. Kamomile sentimita 20 kati ya mche na mche, kalendula 30, artemisia mita moja maana ile inayochelewa kuchanua inaweza kukupita urefu. Na uzio uwe umesimama kabla ya siku ya kuhamisha, hasa kama jirani anafuga kuku wa kienyeji.