Je, wajua kwa nini baadhi ya mbwa hutafutiwa yaya wa kuishi nao?

Mwaka 2023 familia moja tajiri ya London ilitangaza kazi ya yaya wa mbwa wawili, kwa mshahara wa pauni 100,000 kwa mwaka. Hata kabla ya hapo, mbunifu wa mavazi Karl Lagerfeld, aliyefariki mwaka 2019, alijulikana kwa kumwekea paka wake Choupette watumishi wa kumhudumia. Hapa Goma, ambako mbwa hulala uani na kula kilichobaki jikoni, habari za namna hii huishia katika kicheko.

Nami nilicheka, kisha nikaeleza mbele ya watu, kwa uhakika nisiostahili kuwa nao, kwamba kazi ya yaya ni chakula na matembezi, na kwa kuwa mambo hayo hutimizwa na mtu anayepita asubuhi na jioni, kumpa chumba ndani ya nyumba ni majivuno tu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba anachokosa mbwa aliyeachwa peke yake ni huduma. Mbwa asiyestahimili upweke mara nyingi haigusi hata nyama aliyoachiwa, bali huguguna mlango, hubweka bila kukoma na kukojoa sakafuni. Wengi tunasema amechoka kukaa bure, au analipiza kisasi, lakini tazama saa: fujo hiyo kwa kawaida huanza dakika chache tu baada ya mwenye nyumba kutoka, wakati ambapo hakuna kiumbe aliyekwisha kuchoshwa na lolote. Hata kumletea mbwa wa pili mara nyingi hakusaidii, kwa sababu anayetafutwa ni binadamu.

Mfikirie mtoto mdogo aliyefuatana na mama yake hadi soko la Virunga. Atapiga hatua tatu kuelekea mafungu ya nyanya, atageuka, akiona kile kitenge anachokijua ataongeza hatua tatu nyingine. Kitenge kikipotea machoni, nyanya hazina maana tena, na ndizi atakayopewa na muuzaji mwema haitamnyamazisha. Mama hakuwa akimfanyia chochote wakati ule, maana alikuwa akibishana bei ya sombe, lakini kuwepo kwake ndiko kulikompa mtoto ujasiri wa kutembea. Mwaka 1998 watafiti wa Budapest walichukua jaribio lililobuniwa kwa watoto wachanga na mama zao, wakalifanya kwa mbwa na wenye mbwa katika chumba kigeni: mwenyewe akiwepo, mbwa alicheza na kuchunguza, akibaki na mtu asiyemjua, alielekea kusimama mlangoni.

Mwaka 2001 baadhi ya watafiti haohao waligundua jambo lililonishangaza zaidi, kwamba mbwa wakubwa wanaoishi katika makao ya mbwa waliotelekezwa walianza kumshikilia mtu mpya baada ya kukutana naye mara tatu tu, kila mara kwa dakika kama kumi. Basi kitenge kinaweza kubadilishwa, mradi kisiwe kipya kila wiki, na hapo ndipo chumba cha yaya kinapopata maana yake. Haifuati kwamba kila tajiri anayeajiri yaya amelipima jambo hili, wala kwamba paka wa Lagerfeld aliwahitaji watumishi wake, kwa kuwa tafiti kuhusu paka bado zinapingana.

Kule Rumangabo, katika Hifadhi ya Virunga, hakuna aliyeita malezi ya namna hii majivuno. Ndakasi, gorila wa milimani aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili, aking'ang'ania maiti ya mama yake, alikumbatiwa kifuani usiku kucha na Andre Bauma, ambaye aliendelea kumlea hadi alipofia mikononi mwake Septemba 2021. Gorila si mnyama wa kufugwa nyumbani, na yatima hana mama wa kumrudia, hivyo mfano huu usivutwe mbali mno.

Mfano ulio karibu zaidi uko getini. Katika nyumba nyingi za Himbi, mtaa wa hapa Goma, anayekesha na mbwa ni zamu, yaani mlinzi wa nyumba, ambaye mkataba wake, kama anao, hautaji mbwa popote. Zamu wa jirani yangu hupumzika Jumapili, na siku hiyo mwenye nyumba yupo tangu asubuhi, nyama ipo, na mbwa amelala mbele ya geti akiitazama barabara.