Vifungo vya Bibi: Vijue Kabla Hujaviosha

Mtu akirithi bati la vifungo, jambo la kwanza analofikiria ni kuvimimina kwenye beseni la maji ya sabuni. Tafadhali usifanye hivyo. Ndani ya bati moja mnaweza kuwa na gamba la chaza, mfupa, pembe, kaseini (plastiki ya kale iliyotengenezwa kwa protini ya maziwa), kioo na chuma, na maji yanayong'arisha kioo ndiyo hayo hayo yanayovimbisha kaseini hadi ipasuke na kutia chuma kutu. Kwa sisi wa Mwanza unyevu wa ziwa umeshaanza kazi hiyo, tusiusaidie.

Vifaa ni vichache: sumaku (ya spika ya redio iliyokufa inatosha), lenzi ya fundi saa inayokuza mara 10, kikombe cha maji ya moto na kitambaa kikavu.

Anza na sumaku. Kifungo kikinata kina chuma, hata kama juu kinang'aa kama dhahabu. Kisiponata na kina kutu ya kijani, hiyo ni shaba au mchanganyiko wake. Usikisugue kabla ya kusoma mgongo wake, maana jina la kiwanda huandikwa huko. Kifungo cha sare chenye herufi EAR&H ni cha Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 na kuendesha pia meli za ziwa letu; hakiwezi kuwa cha zamani zaidi ya hapo.

Kisichokuwa cha metali kiguse shavuni, kisha kigonge polepole kwenye jino. Kioo na gamba la chaza ni vya baridi na hutoa mlio mkali. Plastiki hupata joto upesi na mlio wake ni mzito. Gamba halisi lina mgongo usio sawa, na pengine ganda la kahawia la nje bado limebaki. Poliesta inayoiga gamba, ambayo imejaa kwenye mashati ya mitumba pale soko la Mlango Mmoja, ni nyepesi na mgongo wake umenyooka kabisa. Gamba usilisafishe kwa limau wala siki: ni chokaa, asidi inalila na mng'ao haurudi.

Vinavyosumbua zaidi ni vyeupe vya rangi ya maziwa, na hapa lenzi ndiyo hakimu. Mfupa una vidoa na vistari vyeusi, mahali mishipa midogo ya damu ilipopita. Tagua, kokwa ngumu ya miti ya jamii ya michikichi ya Amerika Kusini, haina vidoa hivyo. Ina mistari myembamba inayofuatana. Ikiwa imetiwa rangi, chungulia kwenye matundu ya uzi au palipokwaruzika: rangi haikuzama, ndani utaona rangi ya krimu. Ukiona mistari inayokatizana kama wavu, hiyo huenda ni pembe ya ndovu. Usiiuze wala usiitume kwa mtu. Kwa sheria yetu ya wanyamapori ya 2009, kumiliki nyara za serikali bila kibali ni kosa, hata kama ni urithi. Nenda kwa maofisa wa wanyamapori ukaulize.

Pembe ya ng'ombe huwa ya kahawia au nyeusi. Iinue kwenye mwanga: ukingo wake mwembamba hupitisha mwanga kidogo, na mgongoni mara nyingi pana kitobo kilichoachwa na ncha iliyokitoa kifungo kwenye kalibu.

Zinabaki plastiki za kale. Sugua kifungo kwa kidole gumba mpaka kipate joto, unuse. Harufu isipotoka, chovya ukingo kwenye maji ya moto kwa sekunde chache tu, nusa tena, ukaushe papo hapo. Harufu ya kafuri ni ya seluloidi. Ya maziwa yaliyoungua ni ya kaseini, iliyopata hataza Ujerumani mwaka 1899. Ya fomalini, yenye ukali wa dawa ya hospitali, ni ya bakelaiti, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907. Kuhakikisha bakelaiti, weka tone la krimu ya kung'arishia metali kwenye kitambaa cheupe na usugue mgongo wa kifungo: kitambaa hugeuka njano hata kama kifungo ni chekundu. Vile vyeusi mara nyingi havitoi njano, kwa hiyo usivikatae kwa sababu hiyo peke yake.

Wako wanaochoma kwa sindano ya moto. Mimi siikubali kabisa njia hiyo. Inaacha kovu la kudumu, na seluloidi hushika moto ghafla mkononi. Isitoshe, aliyekulia Usukumani anaijua harufu ya pembe ikiungua, na kwa pembe kuiinua kwenye mwanga kunatosha.

Ukishavitambua, vitenganishe. Seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula metali na gamba vilivyo karibu. Dalili zake ni kunata, nyufa ndogo na harufu kali. Iweke peke yake kwenye bahasha ya karatasi, mahali penye hewa, mbali na jiko, wala usiifungie kwenye bati au mfuko wa plastiki. Metali iwekee vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe msimu wa mvua unapoanza.